Treni mbili, njia moja: ishara zipi zitaifaa reli ya abiria Lubumbashi?

Chukua stesheni mbili zilizoachana kilomita 20, na katikati yake njia ni moja tu. Treni inayokwenda kilomita 40 kwa saa inakimaliza kipande hicho kwa nusu saa, na ya upande wa pili haiwezi kuingia mpaka hiyo itoke. Kwa saa nzima unapata treni moja ya kwenda na moja ya kurudi. Hata ukifunga kandokando ya njia taa za bei kubwa kuliko zote duniani, hesabu haibadiliki.

Sasa jenga mchepuo katikati, yaani njia ya pili fupi ambako treni moja inasimama kando ili nyingine ipite. Kipande kimekuwa cha kilomita 10, mwendo wa robo saa. Safari zimeongezeka maradufu, na hujanunua kompyuta hata moja.

Naitanguliza hesabu hii kwa sababu kila mazungumzo ya treni ya kila siku hapa Lubumbashi, ile ya kuwaleta watu wa Kipushi asubuhi na kuwarudisha jioni, au ya kwenda Likasi kilomita 120 kutoka hapa, huishia kwenye vyombo: setilaiti, skrini, mfumo kama wa Ulaya. Mimi nimekulia katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alishika zamu katika stesheni ndogo yenye simu na kitabu kikubwa cha mistari, na mara nyingi mimi ndiye niliyempelekea bukari (ugali) yake ya usiku. Reli imefika mji huu tangu 1910, ikitokea kusini kupitia Sakania, mpakani na Zambia, na mji wenyewe ukakua kandokando yake. Nataka kuona treni ya abiria inayofika kwa saa yake. Ndiyo maana nataka pesa chache zitakazopatikana ziende mahali zitakapookoa dakika.

Jambo moja tuliweke kando mapema. Ishara, yaani taa, karatasi au ujumbe unaomruhusu dereva kuingia njiani au kumzuia, hazitibu reli iliyochoka wala kichwa cha treni kinachozimika mlimani. Machi 2022 treni ya mizigo iliyokuwa na watu waliodandia ilianguka Lubudi, mkoani Lualaba, na watu 75 wakafa. Ile haikuwa ajali ya ishara. Anayekuuzia taa kwa ahadi kwamba zitaondoa misiba ya namna ile, usimsikilize.

Kazi za ishara ni mbili. Ya kwanza ni kuzuia treni mbili zisikutane mahali pamoja. Ya pili ni kupunguza ule muda ambao njia iko tupu na treni bado imesimama, kwa kuwa hakuna mwenye uhakika kwamba njia iko tupu. Kuchelewa kwingi kwa kila siku kunatoka hapo.

Simu na kitabu

Mkuu wa stesheni anampigia jirani yake na kuuliza kama njia iko wazi. Jirani anaangalia kitabu na kujibu. Wote wawili wanaandika saa na namba ya treni, kisha dereva anapewa karatasi ya ruhusa. Baba alikuwa na maneno yake kwa vijana waliokuja kujifunza: "Andika kwanza, nyuma njo unajibu."

Uzuri wa njia hii ni kwamba inaendelea hata umeme ukikatika siku nzima. Dereva yeyote anaielewa, na kichwa cha treni kutoka Zambia kinaingia bila kufungiwa kifaa chochote. Lakini kila stesheni inakula dakika. Ikiwa kupiga simu, kuandika na kupeleka karatasi kunachukua dakika 5, na kuna stesheni 5 njiani, abiria wamepoteza dakika 25 kabla gurudumu halijapata hitilafu yoyote. Kwa treni ya mizigo inayosafiri siku tatu hilo ni dogo. Kwa mtu anayetakiwa awe kazini saa moja na nusu asubuhi ni mshahara.

Tena usalama wote umekaa kichwani mwa mtu. Huko Wales, mahali panapoitwa Abermule, tarehe 26 Januari 1921, kulikuwa na mashine nzuri zilizotoa kibao cha chuma kama ruhusa, na zisingeweza kutoa viwili kwa kipande kimoja cha njia. Dereva alikabidhiwa kibao kilekile cha kipande alichotoka, na hakuna aliyekisoma. Treni mbili zikagongana uso kwa uso, watu 17 wakafa. Usiku wa 28 Februari 2023, Tempi nchini Ugiriki, treni ya abiria ilielekezwa kwenye njia ya treni ya mizigo, na waliokufa ni 57. Mkataba wa kukarabati ishara na udhibiti wa mbali wa reli ile ulikuwa umesainiwa 2014 na kazi haikuwa imekwisha. Habari hii ya pili inaniuma zaidi. Watu walijua dawa, wakaiagiza, kisha wakaendelea miaka tisa kumtegemea mtu mmoja wa zamu ya usiku.

Kubaki hivi tulivyo ni uamuzi pia, nao una gharama yake.

Ruhusa inayosafiri kwa redio

Chaguo hili halizungumzwi sana, na mimi ndilo ninalolipenda kwa njia fupi kama ya Kipushi.

Nyanda za juu za Uskoti zina reli ndefu za njia moja, abiria wachache na baridi kali. Januari 1978 dhoruba ya theluji iliangusha nyaya za simu zilizobeba ishara kaskazini mwa nchi ile. Kuzirudisha zote lilikuwa jambo la gharama kubwa mno kwa njia zenye treni chache. Wahandisi wakaja na wazo la kuiacha nguzo ya simu na kuipitisha ruhusa hewani. Njia ya kwanza kuanza ni ile ya Kyle, mwaka 1984, na nyingine zikafuata kabla ya muongo ule kwisha.

Kompyuta moja katika kituo cha udhibiti inashika ruhusa ya kila kipande. Dereva anapiga redio na kuomba. Mdhibiti na dereva wanabonyeza vitufe vyao kwa pamoja, na jina la kipande linatokea kwenye kisanduku kidogo mbele ya dereva. Maadamu jina hilo liko kwake, kompyuta haiwezi kumpa mwingine, hata mdhibiti akiwa amelala. Akifika kwenye mchepuo anairudisha ruhusa, na mwingine anaipata papo hapo. Kwenye michepuo yenyewe, pale njia zinapogawanyika, hakuna mota ya kuendeshwa kutoka mbali. Reli inasukumwa na magurudumu na kujirudisha yenyewe mahali pake. Baadaye waliongeza kifaa cha kuisimamisha treni inayoondoka bila ruhusa.

Linganisha na ya baba: zile dakika 5 zinakuwa moja au mbili, hakuna mtu wa kukimbia na karatasi, na kumbukumbu imehamia kwenye mashine isiyosinzia. Linganisha na taa: hakuna kebo ndefu ya shaba kandokando ya njia. Uwanda wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na hauna milima mikali karibu na mji, kwa hiyo minara michache inafika mbali. Paneli za jua na betri zinatosha kuilisha.

Upungufu wake upo na si mdogo. Kila kichwa cha treni lazima kiwe na kisanduku, na kinachotoka ng'ambo ya mpaka kipewe kimoja pale Sakania. Mfumo haujui kama behewa limekatika na kubaki nyuma, ila dereva au mlinzi wa nyuma athibitishe kwamba treni imefika nzima. Masafa ya redio nayo yanahitaji ulinzi wa serikali. Waskoti walilazimika kuhamia masafa mengine baada ya yale ya kwanza kugawiwa matumizi tofauti. Treni zikizidi, tuseme moja kila dakika 15 kwa kila upande, maongezi ya redio yenyewe yanaanza kuwa foleni.

Taa za rangi na kituo kimoja cha udhibiti

Hapa ndipo wengi wanapofikiria wanaposikia neno la kufanya ishara ziwe za kisasa. Stesheni zote zinatazamwa kutoka chumba kimoja, na mdhibiti anabadilisha njia na taa kwa kubonyeza. Si jambo jipya: Wamarekani walilianza Ohio mwaka 1927. Faida yake kwa ratiba ni kubwa, kwa sababu mtu mmoja anaona treni zote kwa wakati mmoja na anaweza kuamua zikutane mchepuo upi. Wakuu wa stesheni wanane, kila mmoja akiona pande zake mbili tu, hawawezi kufanya uamuzi huo kwa wepesi hata wawe hodari vipi.

Faida nyingine ni kwa treni zinazofuatana. Kama kipande ni cha kilomita 20, treni ya pili inasubiri nusu saa nzima. Ukikikata vipande vinne vya kilomita 5 na kuweka taa kwa kila kimoja, inasubiri chini ya dakika 10. Kwa njia ya Likasi, ambako treni ya abiria ingekuwa inaufuata mkia wa treni ya madini, hilo lina maana kubwa.

Lakini taa lazima ijue treni iko wapi, na hapa mnunuzi anakuta njia mbili.

Njia ya kwanza ni kupitisha umeme mdogo ndani ya reli zenyewe. William Robinson, Mmarekani, alipata hataza yake 1872, na wazo bado ni lilelile. Magurudumu yanaunganisha reli ya kulia na ya kushoto, umeme unakatizwa, taa inakuwa nyekundu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba reli ikivunjika kabisa, mara nyingi umeme unakatika vilevile na taa inakuwa nyekundu bila treni yoyote kuwapo. Kwa reli kuukuu hiyo ni baraka. Ubaya ni kwamba reli mbili lazima zitengwe kiumeme. Penye mataruma ya chuma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuzibeba, kazi hiyo ni ngumu, kokoto zikijaa tope la masika umeme unavuja, na penye nyaya za treni za umeme inabidi vyombo vya ziada visivyochanganya umeme wa ishara na umeme unaorudi kupitia reli. Katanga, eneo letu hili, ilianza treni za umeme mwaka 1952, katika kipande cha kati ya Likasi na Tenke, kwa hiyo suala hili linatuhusu.

Njia ya pili ni kuhesabu ekseli, yaani vyuma vinavyounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Kifaa kidogo kinafungwa kwenye reli mwanzoni mwa kipande, kingine mwishoni. Zikiingia ekseli 60 na kutoka 60, kipande kiko wazi. Zikitoka 56, kuna behewa limebaki. Tope halikisumbui, taruma la chuma halikisumbui, na kipande kinaweza kuwa kirefu upendavyo. Hakioni reli iliyovunjika, hilo ulijue. Pia umeme wake ukikatika hesabu inapotea, na lazima mtu afute na kuanza upya baada ya kuhakikisha kwamba njia ni tupu kweli. Kufuta hesabu kwa haraka ili treni ipite ni kosa linaloua, kwa hiyo betri zake na kanuni zake zina uzito kuliko kifaa chenyewe.

Kwa hali ya Katanga, kati ya mbili hizi nachagua kihesabu cha ekseli, pamoja na watu wa kutembea njia kila siku wakikagua reli. Sioni sababu ya kusitasita. Ardhi yetu ina mvua kubwa kuanzia Novemba hadi Machi, radi za kutisha na vichuguu vya mchwa wanaotafuna hata ganda la kebo. Kadiri vifaa vilivyo chini vinavyopungua, ndivyo bora.

Na wizi? Afrika Kusini, yenye reli ya upana uleule wa milimita 1,067 kama yetu, imetuonyesha. Nyaya za shaba ziling'olewa kwa wingi kwenye njia za abiria, ishara zikafa, treni zikarudi kuendeshwa kwa ruhusa za mdomo. Katika hali hiyo ndipo treni mbili ziligongana Mountain View, Pretoria, Januari 2019. Walikuwa na mfumo wa taa, ila hawakuwa tena na nyaya. Kebo ya nyuzi za kioo haina cha kuuza kwenye mizani, ingawa wezi wanaikata kwanza ndipo wanagundua. Sisi tunaoishi juu ya shaba, ambako kila mtaa una mtu anayejua bei yake, hatuna ruhusa ya kuusahau ukurasa huu.

Fundi naye ahesabiwe. Asubuhi ya 12 Desemba 1988, Clapham Junction, London, watu 35 walikufa wakati ishara zilikuwa zinafanywa upya. Waya mmoja wa zamani ulikatwa vibaya, ukaachwa ukining'inia na kugusa mahali pake pa awali, taa ikaonyesha njia wazi wakati kulikuwa na treni mbele. Uchunguzi ulikuta kwamba fundi yule alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13. Mkataba wowote wa ishara usiotaja idadi ya mafundi, mapumziko yao na nani anaikagua kazi yao kabla treni haijapita, haujakamilika.

Mifumo mikubwa

Mfumo wa Ulaya, ETCS, una ngazi. Katika ngazi ya pili dereva hatazami taa za pembeni. Redio inamletea kwenye skrini kasi anayoruhusiwa na mahali pa mwisho pa kufika, na akizidi, breki zinajifunga. Reli mpya ya Tanzania inaendeshwa kwa ngazi hiyo, na abiria wanasafiri Dar es Salaam hadi Morogoro tangu Juni 2024. Dakar walianza treni yao ya kilomita 36 hadi Diamniadio Desemba 2021. Watu wetu wanaotoka huko wanarudi wakisifu, na wana haki. Ila zile ni njia zilizojengwa upya kuanzia udongo, na treni zake zilinunuliwa pamoja na mfumo. Sisi tuna njia ya zamani na vichwa vya umri tofauti, na mizigo inayovuka mpaka. Kila kichwa kisicho na kompyuta ya mfumo ni kichwa kisichoweza kuingia.

Kuna pia mtego wa redio. Mingi ya mifumo hii imejengwa juu ya redio ya reli iitwayo GSM-R, teknolojia inayoelekea kustaafishwa, na mrithi wake, FRMCS, bado anaandaliwa. Akija mtu kukuuzia ya zamani kwa bei nafuu, muulize vipuri vitatoka wapi mwaka 2040.

Mfumo wa metro, CBTC, ambamo treni na kituo vinaongea mfululizo na treni kukaribiana kwa sekunde, nautaja kwa ufupi tu. Copenhagen waliufunga kwenye treni zao za vitongoji, kuanzia mkataba wa 2011 hadi 2022. Katikati ya London, njia ya Thameslink ilijengewa uwezo wa kupitisha hadi treni 24 kwa saa kwa upande mmoja kwa kutumia ETCS na kompyuta inayoendesha. Hizo ni reli za njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, zilizojaa treni, na dakika ndizo zilizokuwa zimekwisha. Sisi hatujakosa dakika, tumekosa mahali pa kupishana.

Tena usiwe wa kwanza kununua kitu. Caltrain, treni ya abiria kati ya San Francisco na San Jose, iliagiza mfumo wake wa pekee wa kulinda treni, ikavunja mkataba 2017 na kuhamia mfumo ambao reli nyingine za Marekani zilikuwa tayari zinautumia.

Mimi ningefanya hivi

Kwa Kipushi, umbali wa kilomita 30 hivi, pesa ya kwanza iende kwenye njia yenyewe na mchepuo mmoja mzuri katikati, wenye urefu wa treni ndefu kuliko zote zitakazopita. Pesa ya pili iende kwenye ruhusa ya redio yenye kompyuta, pamoja na sumaku ya kusimamisha treni inayotoka kwenye mchepuo bila ruhusa. Taa zibaki stesheni kuu ya Lubumbashi tu, ambako mabehewa yanapangwa na treni za pande zote zinakutana. Treni moja kila saa, inayofika kwa wakati, itajaza mabehewa kuliko treni nne zinazofika zitakapo.

Kwa Likasi jibu langu ni tofauti, kwa sababu ya mizigo. Hapo ningeweka vihesabu vya ekseli na taa katika kila stesheni ya kupishana, kebo ya nyuzi za kioo, na udhibiti kutoka Lubumbashi. Simu na kitabu vibaki stesheni, na wafanyakazi wavifanyie mazoezi kila mwezi, kwa siku ambayo radi itapiga. Taa zina faida moja kubwa hapa: dereva wa Kizambia anaisoma nyekundu bila kufundishwa.

ETCS ningeiacha mpaka siku njia hiyo itakapokuwa mbili na vichwa vya treni vimenunuliwa vipya. Siku hiyo ikifika, vihesabu vya ekseli havitatupwa; mfumo wa ngazi ya pili unavitumia hivyohivyo.

Na kabla ya kusaini chochote, mnunuzi aende na muuzaji usiku, wakati wa masika, kilomita 15 nje ya mji. Amwombe afungue sanduku moja la vifaa vya ishara na kubadilisha kadi ya elektroniki iliyoungua, kwa mwanga wa tochi, akiwa na fundi wa hapa pembeni yake. Kisha amwombe fundi wa hapa airudie kazi hiyo peke yake, na apime dakika.